Pikipiki Iliyotoka Pwani: Kupanga Shokapu na Kabureta kwa Milima ya Mbeya, Rungwe na Makete

Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, kijana mmoja anayebeba viazi kutoka Isyonje alinisukumia pikipiki yake mpaka gereji. Aliinunua ikiwa imetumika miaka mitatu Dar es Salaam, ya cc 125, rangi bado inang'aa. Huko ilikotoka, alisema, ilikuwa inaruka. Kwake ilikuwa inatoa moshi mweusi kila akikamata mlima, inakohoa akivuta mafuta ghafla, na nyuma inagonga chuma kwa chuma kwenye kila shimo. Alikuwa ameshabadilishiwa pistoni na ringi na fundi mwingine. Hela imekwenda, moshi uko palepale.

Pistoni haikuwa na kosa. Pikipiki ilikuwa bado inaishi pwani. Kabureta yake, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilipangwa kwa hewa nzito ya baharini, na shokapu zake zilipangwa kwa abiria mmoja kwenye lami.

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njombe mjini inakaribia mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unazidi 2,600. Ukipanda hivyo hewa inakuwa nyepesi: kanieneo ya hewa Mbeya ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani, na Kitulo ni kama asilimia 74. Kabureta ya kawaida haina namna ya kulijua hilo. Inaendelea kumimina petroli karibu ileile wakati hewa ya kuichoma imepungua. Petroli iliyokosa hewa ndiyo ule moshi mweusi, ndiyo masizi kwenye plagi, na ndiyo hela yako inayotoka kwenye ekzosi.

Niseme mapema jambo ambalo wateja wengi hawapendi kulisikia. Injini hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na hakuna fundi wa kuirudisha kwa bisibisi. Tunachoweza kurudisha ni ulaini: ivute bila kukohoa, isile mafuta ovyo, na gurudumu lishike barabara. Hicho kinatosha kubadilisha kazi yako ya siku nzima.

Kazi hii naianzia chini, kwenye tairi na shokapu, halafu ndipo napanda kwenye kabureta. Wengi wanafanya kinyume. Lakini kabureta inajaribiwa barabarani, mlimani, mafuta yakiwa yamevutwa hadi mwisho. Sitaki mtu afanye jaribio hilo juu ya pikipiki inayoyumba. Tena shokapu mbovu inadanganya: mkono unaruka na hendeli, akseleta inafunguka na kufunga bila wewe kutaka, unadhani injini inamisi kumbe ni barabara inayokuchezesha mkono.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kufungua chochote

Isimamishe kwa stendi ya kati, mahali tambarare. Inua gurudumu la mbele kwa kuweka kreti la soda au gogo chini ya injini. Shika miguu ya shokapu za mbele kwa chini, ivute na kuisukuma. Ukisikia mgongano mdogo kwenye shingo ya usukani, beringi za usukani zimelegea au zimekufa. Geuza usukani taratibu kushoto na kulia; ukinasa katikati kama umeingia kwenye kijishimo, beringi zimejichimba na zinahitaji kubadilishwa.

Nenda nyuma. Shika gurudumu, litikise kulia na kushoto. Likicheza, tazama kama ni beringi za gurudumu au bushi za swingiamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Kwenye pikipiki zilizobeba mzigo miaka mingi, bushi hizi huwa zimeisha na hakuna aliyewahi kuzigusa. Kagua pia fremu kwenye maungio yanayoshika shokapu za nyuma. Rangi iliyopasuka kama uzi mwembamba mara nyingi ni chuma kilichopasuka chini yake. Hapo simama, tafuta mchomeleaji mzuri kwanza.

Zungusha magurudumu yote mawili kwa mkono. Breki inayogusa muda wote na mnyororo uliokazwa kupita kiasi vinaila nguvu ya injini kimyakimya. Mnyororo ucheze milimita 20 hadi 30 katikati yake, ukiupima mahali unapokaza zaidi.

Hatua ya 2: Upepo

Hii ni fupi, ila usiiruke. Pima asubuhi kabla hujaenda popote, tairi likiwa baridi, na pima hapo unapofanyia kazi, siyo kule ulikolala safari. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinataka kama psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 hadi 36 ukiwa na mzigo. Kibandiko kilichoko kwenye swingiamu au kifuniko cha mnyororo kitakupa namba kamili. Madereva wengi wanajaza mpaka tairi linalia kama ngoma wakidhani wanalilinda. Tairi la namna hiyo haliwezi kumeza jiwe hata dogo, na kila jiwe linapelekwa kwenye shokapu na kwenye uti wa mgongo wako.

Hatua ya 3: Shokapu za mbele

Simama kando ya pikipiki, bana breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu mara moja kisha uachie. Mbele inatakiwa kushuka, kupanda, kutulia. Ikidunda mara mbili au tatu kama mpira, oili ya ndani imeisha au imekuwa maji. Ikikataa kushuka kabisa, kuna moja kati ya mawili: miguu imepinda, au mtu amejaza oili nzito.

Hili la oili nzito ni ugonjwa wa kwetu. Fundi anaona shokapu laini, anamimina oili ya injini namba 40, na mteja anaondoka akifurahi kwa sababu sasa mbele ni ngumu. Halafu inafika Juni na Julai. Makete asubuhi kuna jalidi kwenye nyasi, na oili hiyo inakuwa nzito kama asali. Shokapu haiwezi tena kwenda na barabara: gurudumu linagonga tuta, mguu haushuki, na pikipiki nzima inarushwa. Tumia oili ya shokapu yenye uzito wa 10. Usipoipata, oili ya gia otomatiki ya magari, ile nyekundu, ni nyepesi na inakaribia uzito huo, nayo inafanya kazi vizuri hata kwenye baridi.

Kuibadilisha hakuhitaji mashine. Gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa, litoe, toa na breki yake, kisha legeza boliti zinazobana miguu kwenye ubao wa juu wa usukani. Legeza kifuniko cha juu cha kila mguu kabla hujautoa mguu wenyewe, ndipo utapata mahali pa kushikilia. Weka uso wako mbali na kifuniko. Kimekaliwa na springi, na kikifika nyuzi za mwisho kinaruka. Nimeona meno yakienda.

Toa springi, geuza mguu juu chini kwenye beseni, upampu mara nane hadi kumi mpaka oili yote itoke. Angalia rangi. Ya kijivu ina vumbi la chuma, ya maziwa imeingiliwa na maji. Suuza kwa dizeli kidogo, ipampu, mwaga, iache ichuruzike vizuri. Weka springi mbili kando kwa kando juu ya meza. Zikitofautiana urefu, badilisha zote mbili. Vingirisha bomba la ndani juu ya kioo cha dirisha uone kama limepinda. Pitisha ukucha juu ya chuma kinachong'aa; vidoti vya kutu vinavyonasa ukucha vitachana oili sili mpya, ile pete ya mpira inayozuia oili kuvuja, ndani ya wiki.

Kama oili sili inavuja kidogo tu na bomba ni safi, usikimbilie kununua. Mara nyingi ni mchanga umekwama kwenye mdomo wa sili. Kata ukanda mwembamba kutoka chupa ya maji ya plastiki, inua kifuniko cha vumbi, ingiza ukanda kati ya bomba na sili, uuzungushe taratibu duara zima. Mchanga unatoka, na sili nyingi zinaacha kuvuja hapohapo.

Kiasi cha oili kiko kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki hizi huwa kati ya mililita 150 na 200 kwa kila mguu. Usikadirie kwa macho. Chupa ya kunyonyeshea mtoto ina alama za mililita, inauzwa kila duka, na ndiyo ninayoitumia mimi. Miguu yote miwili ipate kiasi kilekile kabisa. Ikiwa baada ya kujaribu bado mbele inagonga chini kwenye mashimo makubwa, ongeza mililita 10 kila mguu, jaribu tena. Oili ikipanda, nafasi ya hewa ndani inapungua, na hewa hiyo ndiyo inayokuwa mto wa mwisho shokapu inapokaribia kufika chini. Usizidishe zaidi ya mililita 20 juu ya kipimo, kwa sababu hewa isipokuwa na nafasi inatoka kwa kupasua sili.

Springi zikiwa zimechoka kidogo na hela ya mpya haijapatikana, kipande cha bomba gumu la plastiki chenye urefu wa milimita 10 juu ya kila springi kinasaidia kuinua mbele. Kata vipande viwili vilingane, mikato iwe sawa.

Hatua ya 4: Shokapu za nyuma

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea bure, kwa hiyo tuende polepole.

Chini ya kila shokapu ya nyuma kuna kola yenye ngazi, kwa kawaida tano, inayogeuzwa kwa spana ya ndoano. Karibu kila mtu anaamini kuigeuza kwenye ngazi ya juu kunaifanya springi kuwa na nguvu zaidi. Siyo kweli. Springi ni ileile. Unachofanya ni kuikalisha juu zaidi ili mzigo ukikaa, kiti kibaki na nafasi ya kushuka. Ukikaza hadi mwisho bila mzigo, nyuma inabaki imesimama wima, haina nafasi ya kufuata mashimo. Kwenye mteremko wa changarawe ukigusa breki, gurudumu linaruka badala ya kushika. Watu wengi walioanguka wakiwa hawana mzigo, wakishuka, walianguka kwa sababu hii na wakasingizia tairi.

Pima, usikisie. Unahitaji futi kamba na mtu wa kukusaidia. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likining'inia, pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu moja kwa moja hadi alama uliyoweka kwenye fremu au kwenye kifuniko cha pembeni. Andika. Ishushe, kaa juu yake ukiwa umevaa kama unavyovaa kazini, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi inachozama. Ukiwa peke yako, milimita 20 hadi 30 ni nzuri. Pakia mzigo wako wa kila siku, pima mara ya tatu. Isizame zaidi ya milimita 50, kwa sababu safari yote ya shokapu hizi ni kama milimita 100, na nusu iliyobaki ndiyo ya kumeza mashimo.

Ikizama zaidi, panda ngazi moja, pande zote mbili sawa, pima upya. Ukifika ngazi ya mwisho na bado inazama sana, kuna majibu mawili tu: springi imechoka au mzigo umezidi. Pikipiki nyingi za aina hii zimetengenezwa kubeba karibu kilo 150, dereva akiwemo. Gunia la lumbesa na dereva wake tayari wamepita hapo. Hakuna ngazi ya kola inayoweza kurekebisha lumbesa.

Najua watu wanavyofanya: wanazungushia springi mpira wa tairi la ndani, wanaingiza vipande vya mpira kati ya duara na duara, wengine wanachomelea shokapu ya pili kando ya ile ya kwanza. Mpira kati ya duara unazuia baadhi ya duara kufanya kazi, yaliyobaki yanabeba yote na hukatika. Shokapu ya kuchomelea inahamisha nguvu kwenye sehemu ya fremu ambayo haikutengenezwa kuibeba. Nunua springi au shokapu nzito zaidi za aina ya pikipiki yako, jozi moja, zifungwe pamoja. Na zile zenye kikopo cha gesi usijaribu kuzifungua wala kuzichomea karibu. Ndani kuna gesi iliyobanwa kwa nguvu kubwa.

Jambo la kufanya kila siku ni hili: mbolea inapanda, viazi vinashuka. Kama unapanda mtupu na kushuka umepakia, badilisha ngazi kabla ya kupakia na irudishe baada ya kushusha. Ni dakika mbili. Beba ile spana ya ndoano chini ya kiti.

Mwisho, jaribu kama ulivyofanya mbele: kandamiza kiti, achia. Ikidunda zaidi ya mara moja, oili ya ndani ya shokapu imekwisha, na nyingi za nyuma hazifunguliwi. Badilisha.

Hatua ya 5: Vitu vinavyojifanya kabureta

Kabla ya kugusa kabureta, ondoa washukiwa wengine. Kama pikipiki yako ni ya kisasa isiyo na kabureta, yenye kompyuta ya kupima hewa na kunyunyizia petroli, hapa ndipo kazi yako inapoishia, kwani yenyewe inajirekebisha na mwinuko. Safisha tu chujio na uangalie plagi.

Anza na chujio la hewa. Kuanzia Julai hadi Oktoba vumbi la barabara za Makete na Chunya ni jekundu na jembamba kama unga, na chujio lililoziba linaleta dalili zilezile za mafuta kuzidi. La sponji lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini, lipake oili kidogo sana, likamue. La karatasi lipige taratibu, au badilisha. Nimekutana na pikipiki nyingi zilizonunuliwa zikiwa hazina chujio kabisa, mtu amelitoa ili ivute vizuri mlimani. Inavuta kweli, kwa miezi michache, kisha vumbi linakula silinda.

Fungua plagi. Kahawia ya chai ya maziwa ni afya. Nyeusi kavu kama chungu ni mafuta mengi. Nyeupe yenye malengelenge ni mafuta machache, hatari. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu, na hapo ndipo maneno ya pistoni yanapoanza kuwa na maana. Yule kijana wa viazi plagi yake ilikuwa kavu kabisa. Angeonyeshwa hiyo siku ya kwanza, pistoni isingeguswa.

Seti tapeti, yaani nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi, ikiwa imelala usiku mzima, kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na kwa kipimo cha kitabu chako. Waya wa akseleta uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kwenye hendeli kabla mafuta hayajaanza kuvutwa. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto injini ikinguruma: sauti ikipanda, waya umepita vibaya au ni mfupi. Ukiachia akseleta irudi yenyewe kwa kishindo. Waya mkavu unaorudi kwa uvivu unaleta ule mstuko ambao watu wanauita kabureta mbovu. Utie oili nyepesi ukiwa umeninginizwa, uipitishe hadi itokee chini.

Kisha tazama mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka unavuta hewa ya wizi. Injini ikinguruma, dondosha maji kidogo kuzunguka mpira huo. Mngurumo ukibadilika, umeshampata mwizi.

Hatua ya 6: Kusafisha kabureta

Funga koki ya petroli. Na hapa niseme kwa sababu ya baridi yetu: mafundi wengi tunaweka jiko la mkaa ndani ya gereji. Litoe nje, mbali, kabla hujafungua hata skrubu moja. Mvuke wa petroli unatambaa chini sakafuni na unafika kwenye jiko kabla hujaunusa.

Mwaga petroli ya kwenye bakuli, kile kikombe cha chini ya kabureta, katika chombo cha kioo, uone kama kuna maji au mchanga chini. Fungua bakuli, toa jeti kubwa na jeti ndogo, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli, kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, maana shaba ni laini. Lowesha kwenye petroli safi, pulizia hewa. Usitumie waya wa chuma. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na karibu kila kabureta iliyotumika imeshafanyiwa hivyo: tundu la jeti kubwa lina upana wa kama milimita 1 tu, waya wa chuma ukiingia mara tatu umelipanua, na namba iliyochongwa ubavuni haisemi kweli tena. Jeti ikionyesha 100 na tundu lake lina mikwaruzo au halina duara zuri, itupe. Jeti mpya ni bei ya chini sana kuliko petroli itakayopotea kwa wiki moja.

Kwenye kabureta yenye ngozi ya mpira juu, itoe ngozi hiyo na uiinue kwenye mwanga wa jua. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuifanya injini ivute vizuri hadi nusu kisha ikatae.

Hatua ya 7: Kupanga kwa mwinuko wako

Sasa bandika plasta ya karatasi kwenye hendeli ya akseleta na chora alama: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Hii ndiyo ramani. Kabureta haina tatizo moja. Kila sehemu ya mzunguko wa mkono ina mwenyewe. Kuanzia kufungwa hadi kama robo inatawaliwa na jeti ndogo na skrubu ya pembeni. Robo hadi robo tatu ni sindano, ile inayopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mafuta. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Panda mlima, tazama alama, jua inakohoa wapi. Kisha vuta choki kidogo palepale: ikizidi kukohoa, mafuta yalikuwa mengi tayari, ikipata nafuu, yalikuwa machache.

Anza na jeti kubwa. Kutoka namba ya pwani, kwa Mbeya, Mafinga au Njombe shuka namba moja au mbili, mfano kutoka 100 kwenda 97.5, kisha 95 ikihitajika. Anayefanya kazi Kitulo au Makete ya juu siku zote anaweza kufika mbili hadi tatu. Namba moja kila mara, hakuna kuruka. Jaribio lake ni kupanda mlima kwa gia ya tatu, mafuta hadi mwisho, mita mia tatu au nne, kisha kwa wakati mmoja bana klachi na uzime injini. Egesha, fungua plagi, soma rangi. Weka plagi mpya kwa jaribio hili. Tafuta barabara ya vumbi isiyo na magari. Usilifanye Kitonga wala kwenye kona za Uyole kwenda Isyonje, malori hayatakusubiri usome plagi.

Sindano ifuatie. Ikiwa yako ina mifereji na kibanio, kukipandisha kibanio mfereji mmoja kunaishusha sindano na kupunguza mafuta. Kabureta nyingi zenye ngozi ya mpira zina sindano isiyo na mifereji, iache ilivyo.

Skrubu ya pembeni inamalizia. Tambua kwanza iko wapi. Ikiwa upande wa chujio, inapitisha hewa: kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapitisha mafuta: kuifungua kunaongeza. Ifunge hadi iguse, kwa vidole viwili bila kukaza, ncha yake inavunjika kirahisi. Ifungue mzunguko mmoja na nusu. Pasha injini moto kwa kuiendesha dakika kumi. Kisha igeuze robo kwa robo ukisikiliza. Mahali inaponguruma juu na kwa utulivu zaidi ndipo. Malizia kwa skrubu ya mngurumo, kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Vuta mafuta ghafla. Ikipokea bila kusita na ikishuka upesi ukiachia, umefika. Ikichelewa kushuka, inaning'inia juu, mafuta ni machache au kuna hewa ya wizi bado.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha panda mlima uleule. Andika kwenye daftari namba ya jeti, mfereji wa sindano, mizunguko ya skrubu, ngazi ya kola na upepo wa tairi.

Hatua ya 8: Unaposhuka Kyela au Usangu

Kutoka Isyonje hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa unashuka zaidi ya mita 1,500 kwa safari ya asubuhi moja. Kule chini hewa ni nzito, na kabureta uliyoibana kwa ajili ya Kitulo sasa inaipa injini mafuta machache. Injini yenye njaa ya mafuta inachemka, na ikivutwa hadi mwisho kwa muda mrefu kwenye tambarare la moto, pistoni inanasa au inatoboka. Petroli ikizidi inakugharimu fedha na masizi, ila petroli ikipungua inaua injini. Kwa hiyo anayepanda na kushuka kila wiki asipange jeti kubwa kwa ajili ya kilele. Aipange kwa mahali pa chini kabisa anapofika akiwa na mzigo, na huko juu avumilie moshi kidogo. Skrubu ya pembeni ndiyo ya kurekebisha njiani, robo mzunguko, kwa bisibisi ndogo.

Na kama baada ya yote hayo mlima bado unakushinda, badilisha sproketi ya mbele kutoka meno 14 kwenda 13. Unapata kama asilimia 7 hadi 8 zaidi ya nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu na unapoteza mwendo wa tambarare kwa kiasi hichohicho. Yule kijana wa Isyonje alimaliza hivyo: jeti 95, chujio jipya, oili nyekundu mililita 170 kila mguu, kola ngazi ya pili akipanda na ya nne akishuka, meno 13 mbele. Namba zake zimeandikwa kwa kalamu ya rangi chini ya kiti, ili fundi mwingine atakayeifungua ajue inatoka wapi.